Meza Nyeusi ya Olga

Evariste hakuwa na diploma. Alikuwa amefika mwaka wa mwisho wa sekondari hapa Kasongo vita vilipopita, na aliporudi kutoka msituni alikuta shule haina paa wala mwalimu wa fizikia. Hakuwa na umeme isipokuwa ule wa sola, na huo nao ulitegemea mawingu. Hakuwa na intaneti ya kuaminika. Alichotaka kujifunza alikipakua akienda Kindu, akarudi nacho kwenye kadi ndogo ya simu. Hakuwa na kamera ya kweli. Hakuwa na mke, na Djuma kinyozi, jirani yake wa ukuta kwa ukuta, hakumwacha asahau jambo hilo. Hakuwa na mtu wa kumuuliza alipokwama, kwa kuwa kazi aliyojipa hakuna mwingine mjini aliyewahi kuigusa. Na zaidi ya hayo yote, hakuwa na ruhusa ya kusema kwa sauti kwamba dada yake haoni.

Dada huyo ni Olga. Evariste alimwita Yaya, kama tunavyomwita kila ndugu mkubwa, lakini kwake neno hilo lilibeba mama na baba pia. Wazazi wao walikuwa wavuvi wa Nyangwe. Walipokufa, Olga alimchukua mdogo wake, akaja naye Kasongo, akajifunza cherehani, akamlisha, akamvika na kumsomesha kwa mkasi. Wanawake walitoka mbali kumletea nguo zao, kwa sababu blauzi aliyoikata Olga haikuvuta begani wala haikupanda mgongoni.

Kisha macho yakaanza kufifia. Ni ule ugonjwa wa inzi wadogo weusi wa mtoni, unaomng'ata mtu utotoni na kumdai ukubwani. Daktari alimpa dawa ya kuuzuia usiendelee, ila alimwambia wazi kwamba kilichokwisha kuharibika ndani ya jicho hakirudi.

Kushona hakukumshinda. Mguu unaijua pedali, na vidole vinakiongoza kitambaa hata gizani. Kilichomshinda ni kukata. Fundi hupima, huchora kwa chaki juu ya nguo, halafu hufuata mstari. Olga alikuwa haioni chaki tena. Akaanza kuisingizia chaki kwamba siku hizi ni mbaya. Akahamisha kiti mlangoni kwenye jua. Akawa anamwita Evariste na kumwuliza, kana kwamba anampima: "Mutoto, angalia, ule mustari umenyooka?" Evariste aliangalia, akausahihisha kimya kimya kwa ncha ya kidole, akajibu, "Umenyooka, Yaya." Lakini hakuwepo kila saa. Mwimbaji mmoja wa kwaya alivaa blauzi iliyoshuka upande mmoja Jumapili nzima mbele ya waumini, na baada ya hapo wateja wakaanza kupita mlangoni wakiwa wamebeba vitambaa vyao kwapani, wakisalimia haraka haraka.

Evariste alikuwa na kibanda cha kuchaji simu na kutoa picha. Ndani yake kulikuwa na projekta aliyoinunua kwa mtu aliyefunga ukumbi wa video. Siku moja aliijaribu ukutani kwa picha za mpira, Olga akiwa ameketi nyuma anamenya karanga. Ghafla akasema, "Huyu mwenye nambari kubwa mugongoni anacheza vibaya." Evariste aligeuka. Yaya wake, asiyeiona sindano mkononi, alikuwa ameiona nambari ukutani. Mwanga mkali, rangi moja, mstari mnene: hivyo bado alikuwa anaviona.

Hapo ndipo wazo lilipomjia, na likamnyima usingizi.

Nitalieleza kwa maneno ya kawaida, maana jambo lenyewe linaeleweka likielezwa polepole. Kamera ni jicho, projekta ni mkono wa mwanga, na kompyuta ndiyo inayovipatanisha. Shida ni kwamba jicho na mkono havikai mahali pamoja. Kamera inaiona meza kutoka upande wake, projekta inaimulika kutoka upande mwingine, na kila kimoja kinaipinda picha kwa namna yake. Kwa hiyo kwanza projekta hutupa nukta nyeupe juu ya meza, moja baada ya nyingine. Kamera hutazama kila nukta imeangukia wapi. Kompyuta hupiga hesabu, na kuanzia hapo hujua kwamba mahali fulani katika jicho ni mahali fulani katika mwanga. Vikishapatana hivyo, unaweka kitambaa mezani. Kamera inatafuta kingo zake, kompyuta inapanga kiolezo cha blauzi ndani ya kingo hizo kwa vipimo ulivyoandika, na projekta inachora mstari wa kijani juu ya kitambaa chenyewe, mnene kama kidole. Ukikisogeza kitambaa, mstari unakifuata palepale.

Kamera ilikuwa simu ya zamani yenye kioo kilichopasuka, iliyofungwa kwenye boriti juu ya meza ya Olga, chumbani anamoshonea. Kompyuta ilikuwa ile ya kutolea picha. Programu aliziokota huku na huku, za watu wa nchi za mbali wanaozitoa bure, akaziunganisha kwa kubahatisha na kukosea hadi zikakubaliana. Madirisha aliyaziba kwa blanketi ili mwanga wa projekta uonekane mchana. Na ili kamera isichanganye kitambaa na mbao zilizo chini yake, aliipaka meza ya kukatia rangi nyeusi tii.

Olga aliposimuliwa rangi hiyo, aliweka mikono kiunoni.

"Weye Evariste, unapaka meza ya kazi rangi ya musiba? Mutu akiingia hapa atauliza nani amekufa."

"Yaya, kamera inapenda nyeusi."

"Basi kamera yako ilale ndani ya jeneza, lakini meza ni yangu."

Djuma alikuwa mlangoni, kitana sikioni. "Mama Olga, muache. Leo ni projekta ya kukatia nguo. Kesho ataniletea televizyo ya kunyolea ndevu."

"Weye tafuta kwanza mutu mwenye ndevu," Evariste akamjibu. "Wateja yako wote ni vipara."

Kuhusu macho hakuna aliyesema neno. Evariste alimwambia dada yake kwamba mashine ni ya kuharakisha kazi, kwa ajili ya sare za shule. Olga akaupokea uongo huo bila kuugeuza upande wa pili, kwa kuwa ulikuwa umeshonwa kwa kipimo chake. Siku ya kwanza alipofuata mstari wa kijani kuanzia begani hadi pindoni, alikata bila kusimama, bila kumwuliza mtu, na alipofika mwisho akacheka peke yake, kicheko kifupi cha mtu aliyekutana na rafiki njiani.

"Masini inafaa," akasema. Ni hayo tu.

Wakati huohuo kulikuwa na neno kutoka Kabambare lililokuwa linasubiri jibu. Kule wanawake wamefungua nyumba ya kushonea kwa wasichana: mabinti waliokimbia vijiji vyao, na wengine waliotoka kwenye mashimo ya dhahabu upande wa Lusangi, ambao hawakutaka kurudi huko. Walikuwa na cherehani. Walikuwa na mwalimu wa kushona. Hawakuwa na mwalimu wa kukata, na mtu asiyejua kukata atashona maisha yake yote kazi ya mwingine. Msimamizi wao, Mama Louise, alikuwa amemtumia Olga salamu kupitia Kamaldine, dereva wa pikipiki anayekwenda na kurudi njia ile: aje afundishe, nyumba ipo, shamba dogo lipo. Olga alijibu kwamba atafikiri. Salamu ikarudi, akajibu tena kwamba anafikiri. Evariste alijua hafikirii. Alikuwa anaitaka kazi hiyo kuliko alivyowahi kutaka kitu chochote, na alikuwa anaogopa.

Mama Louise akachoka kungoja. Akatuma neno kwamba anakuja mwenyewe.

Alitoka Kabambare kwa pikipiki ya Kamaldine, akalala Wamaza, akaingia Kasongo siku ya pili na vumbi jekundu hadi kwenye kope. Evariste alikwenda kumpokea na kumbebea mfuko. Njiani alimweleza juu ya mashine ya mwanga kwa tahadhari, kama mtu anayemsifia mchumba kwa wakwe.

Walipoingia, Evariste alisimama mlangoni. Meza nyeusi haikuwepo. Ilikuwa imefunikwa kwa kitambaa cheupe kilichotariziwa maua mekundu na ndege kwenye pembe zote, kikining'inia pande zote hadi magotini. Juu yake kulikuwa na chupa ya chai, vikombe, mkate na sahani ya karanga. Evariste alikijua kitambaa kile. Olga alikitarizi mwenyewe miaka ile macho yake yalipokuwa mazima, na hakikutoka sandukuni isipokuwa kwa mgeni mkubwa.

"Karibu, Mama Louise," Olga akasema. "Pole na njia."

"Njia? Ile haiko njia tena. Ni mashimo yenye majina." Mama Louise akajipangusa, akaketi, akakipapasa kitambaa. "Hii ni mukono wako?"

"Ni mukono yangu."

"Kumbe."

Walikunywa chai. Mama Louise alikuwa mwanamke mnene, mwenye sauti ya kuamrisha na macho ya huruma, viwili ambavyo havikai pamoja kwa watu wengi. Alipomaliza kikombe chake, aliviondoa vyombo mwenyewe, akafungua mfuko, akatoa kitambaa cha bazin cha rangi ya maziwa, kipya, kilichoganda kwa wanga.

"Bon, Mama Olga. Sikutoka kwangu kuja kunywa chai tu. Hii mwanangu alinitumia toka Uvira. Unikatie blauzi. Nataka nione ule mukono watu wanausifu."

Evariste alishika pembe ya kitambaa cheupe ili akivute mezani.

"Acha," Olga akasema bila kupandisha sauti. "Mugeni hakatiwi nguo yake juu ya meza ya musiba."

Evariste alibaki ameshika pembe ile. Angeweza kueleza kwamba kamera inahitaji meza nyeusi. Mgeni angeuliza, na Mama Olga anahitaji kamera kwa nini? Na kutandua meza iliyotandikwa kwa ajili ya mgeni, mbele ya mgeni huyo, ni jambo ambalo hata mtoto wa hapa hulifahamu: ni kama kumwambia umekaa sana. Akajipa moyo kwamba maua mekundu yatasaidia, kamera itaona tofauti. Akaiachia.

Mablanketi yakateremshwa. Djuma akajipenyeza ndani, amemwacha mteja wake na nusu ya kichwa. Mama Louise akapimwa, Olga akizihesabu sentimita kwa kucha kwenye utepe, kama alivyozoea siku hizi. Evariste akaandika vipimo. Bazin ikakunjwa mara mbili, ikatandazwa hadi ukingoni mwa meza, na projekta ikawashwa.

Mstari wa kijani ukatokea. Mama Louise akavuta pumzi. "Yesu wangu! Inachora yenyewe!"

Lakini Evariste hakuwa anatazama meza. Alikuwa anatazama kioo cha kompyuta, ambapo kamera huonyesha kile inachokidhani kuwa ni kitambaa. Bazin ya rangi ya maziwa juu ya kitambaa cheupe haikuonekana hata kidogo. Kamera ilikuwa imeikamata meza nzima, kuanzia ndege hadi ndege, na kompyuta ikapanga blauzi ndani ya uwanja huo mkubwa. Mstari wa ubavu ulianzia nje ya mahali pake, ukaingia kwenye bazin kwa mshazari, ukapita mle ambamo kifua kingekuwa.

Alijua papo hapo. Akafumbua mdomo. Akamtazama mgeni, akamtazama Yaya wake aliyesimama wima kama siku za zamani, kidevu juu, mkasi mkononi. Akaona haya. Kwa muda wa pumzi moja hakusema kitu, na pumzi hiyo ilitosha.

Olga aliinua ukingo wa nguo kwa vidole viwili, akaingiza ubapa wa chini wa mkasi, akakata. Alihisi uzito, lakini bazin ni nzito, na imekunjwa. Akakata tena. Mkasi ulikwenda na sauti yake nzuri, ndefu, ya fundi asiyebabaika.

"Yaya, simama!"

Mkasi ukasimama.

"Nini?"

Mama Louise akainuka, akaondoa blanketi la dirisha la karibu, na jua likamwagika mezani. Ndipo wote wakaona: bazin imepasuliwa mahali pasipotakiwa, na chini yake kitambaa cheupe nacho kimepasuka, ua moja jekundu likiwa nusu huku na nusu kule.

Na mwanga wa jua ulipoingia, mstari wa kijani ukapotea, kama unavyopotea mwanga wowote mdogo mbele ya mkubwa. Olga alikuwa ameinamia meza. Mkono wake wa kushoto ulikuwa unapapasa juu ya nguo, unakwenda mbele, unarudi, unatafuta.

"Mama Olga," Mama Louise akauliza taratibu, "unatafuta nini?"

"Pale nilifika."

Palikuwa mbele yake kabisa. Mkasi wenyewe ulikuwa bado mdomoni mwa mpasuko.

Evariste akajitupa kati. "Mama Louise, ni kosa yangu, masini ime—"

"Nyamaza," Olga akasema. "Masini haikunipa haya macho." Akauweka mkasi chini, akajinyoosha, akamgeukia mgeni, au tuseme akaigeukia sauti yake. "Mama Louise, miye sioni. Haikuanza leo. Chaki sioni, sindano sioni, na uso wako naona kama mutu anasimama nyuma ya moshi. Mwanga tu ndiyo naona. Huyu mudogo wangu alijua, akanijengea hii kitu, na hakuniambia kama anajua, juu miye sikutaka aniambie. Bazin yako nimeharibu. Nakuomba pole."

Djuma, ambaye hajawahi kukosa neno tangu azaliwe, alikitoa kitana sikioni na kukishika kwa mikono miwili kama kofia.

Mama Louise aliuokota ukingo uliokatwa, akautazama. Kisha akauliza, akimlenga Evariste: "Na masini ilikosea juu ya nini?"

Evariste akaeleza. Hakuacha kitu: meza nyeusi, kitambaa cheupe, bazin ambayo jicho la kamera haliwezi kuitenga.

Olga alisikiliza hadi mwisho. "Kwa hiyo ni kitambaa yangu ndiyo ilidanganya kamera."

"Ndiyo, Yaya."

"Na weye uliona miye sijakata bado."

"Niliona."

"Ukanyamaza juu ya nini?"

"Juu ya mugeni. Sikutaka kutandua meza mbele yake."

"Ona huyu!" Olga akapiga mikono. "Mugeni anachanwa nguo yake juu ya heshima! Heshima ya namna gani hiyo? Ungesema tu, Yaya, ondoa hiyo kitu!"

"Si uliniambia niache!"

"Nilikuambia kama mutu anayejua? Nilijua miye kamera inakula nini?"

Mama Louise alianza kucheka. Alijizuia, akashindwa, akaketi na kucheka hadi machozi yakachora mifereji kwenye vumbi la mashavu yake, na Djuma akaona ruhusa imetolewa, akaangua naye. Olga hakucheka, lakini mabega yake yalishuka. Akashika pembe mbili za kitambaa chake cheupe, akakivuta mezani kwa mkono wake mwenyewe, akakikunja na jeraha lake, akamkabidhi Djuma.

"Musiba ukae wazi," akasema. "Funga dirisha."

Safari hii kamera haikuwa na shaka. Juu ya weusi ule bazin iling'aa, na mstari ukatulia ndani yake kama maji ndani ya sahani. Evariste aliandika mkono mfupi badala ya mrefu, akaugeuza mpango hadi mpasuko ukaangukia nje ya mistari yote. Mama Louise, ambaye hakuwa mtu wa kuamini upesi, alikivuta kitambaa kidogo upande mmoja. Mstari ukakifuata. Akakivuta tena, ukakifuata tena, kama kuku anayefuata mkono wenye mahindi.

"Haichoki?"

"Betri ndiyo inachoka, Mama," Evariste akajibu.

"Na siku betri inakufa?"

Olga ndiye aliyejibu, mkasi ukiwa tayari unatembea. "Siku ile nitawafundisha kwa mudomo na vidole. Mutoto wa kike atachora, mi nitapapasa. Nitamuambia amekosea wapi."

Alikata blauzi nzima. Mama Louise alivipeleka vipande mlangoni, akavilinganisha kimoja juu ya kingine, ubavu kwa ubavu, bega kwa bega, akaugeuza kila ukingo. Aliporudi, sauti yake ya kuamrisha ilikuwa imelegea.

"Huyu mukono ndio nilifuata," akasema.

Lakini hakuwa na amri ya mwisho. Kamati ya kule Kabambare ingekaa Jumamosi, na ilitaka jibu la Olga kwa maandishi. Yeye mwenyewe alikuwa anaendelea Nyangwe kuwaona wafiwa, hivyo barua ingetangulia na Kamaldine. Alipokuwa anavaa viatu, alimshika Olga mkono, akamvuta kando. Evariste, aliyekuwa anazima mashine, alisikia yote.

"Sikiliza, dada yangu. Andika tu kama unakubali. Jina lako, basi. Mambo ya macho usiweke. Ukiweka, mumoja atasimama aseme tunaleta kipofu kufundisha watoto mukasi, na wengine watamufuata. Ukisha kufika, wakiona kazi, watazoea. Miye nitavaa hiyo blauzi mbele yao."

"Asante," Olga akasema. Hakusema ndiyo wala hapana.

Asubuhi yake Evariste alikaa kwenye meza nyeusi na karatasi mbele yake. Mlango ulikuwa wazi, na nje Kamaldine alikuwa anakaza mnyororo wa pikipiki yake, anaimba, anangoja. Olga aliketi upande wa pili, mikono mapajani, akatoa maneno moja moja. Alianza na salamu kwa kamati. Alishukuru kwa kuitwa. Alisema anakubali. Kisha akasema habari za macho yake, kwa ufupi, bila kujihurumia, na baada ya hapo akamalizia kwa heshima.

"Soma," akasema.

Evariste akasoma. Salamu. Shukrani. Kukubali. Halafu akafika mahali ambapo sentensi za macho zilipaswa kuwepo, na hazikuwepo. Hakuwa ameziandika. Alikuwa amemwona Yaya wake akikata tena, alikuwa amemwona akisimama wima, na mtu mmoja kwenye kamati, mtu asiyemjua hata kwa jina, angeweza kuyamaliza yote hayo kwa kuinua mkono. Sasa angeweza kuzisoma sentensi zile kutoka kichwani kana kwamba zipo. Yaya asingejua kamwe. Maneno alikuwa nayo mdomoni.

Akaishusha karatasi mezani.

"Endelea," Olga akasema.

"Haiko, Yaya."

"Najua haiko. Mi nilikuwa nasema na kalamu imesimama. Nimeshona na weye karibu yangu tangu uko mutoto, sijui sauti ya kalamu yako?"

"Watakukatalia."

"Wanaweza."

"Sasa juu ya nini? Mama Louise mwenyewe amesema—"

"Mama Louise ni mutu muzuri. Lakini yeye atarudi kwake jioni, mi nitabaki na wale watoto. Kila siku nikae nasingizia chaki? Kila siku nimuulize mutoto wa mutu kama mustari umenyooka, na yeye aseme umenyooka?" Alisema hivyo bila ukali, na ndiyo sababu maneno yalimfika. "Nimechoka hiyo kazi, Evariste. Hiyo ndiyo imenichosha, hapana macho. Na weye pia imekuchosha. Andika."

Aliandika. Aliandika polepole, kwa herufi nzuri, na hakuna neno la dada yake alilolipunguza wala kulipamba:

*Macho yangu hayaoni chaki. Ninakata kwa mashine ya mwanga ambayo ndugu yangu ameitengeneza, na siku isipofanya kazi nitafundisha kwa mdomo na kwa vidole. Mkinikubali hivyo, nitakuja naye, na mashine, na meza yangu nyeusi. Mkikataa, mniambie mapema, nisifunge mizigo.*

Akasoma yote tangu mwanzo. Olga akaitikia kwa kichwa, akaomba kalamu. Evariste akaiweka ncha yake mahali panapofaa, na jina likashuka likipanda na kuteremka kama njia ya Wamaza. Alitaka kutoa karatasi nyingine ili ajaribu tena. Olga akamwambia aache, ndivyo anavyoandika sasa.

Bahasha ilikuwa ya zamani, gundi yake imekauka. Djuma, aliyejidai hasikilizi kupitia ukuta wa mbao, akaja bila kuitwa na tonge la bukari, ule ugali wa asubuhi, bado lina uvuguvugu. Akalilainisha kwa maji kidogo kwenye kiganja.

"Hii inashika kuliko gundi ya Wachina," akasema. "Hata kamati hawataweza kufungua."

"Basi weka kidogo," Olga akasema. "Nataka wafungue."

Alipaka mwenyewe, kwa kidole, akifuata ukingo wa bahasha kutoka pembe hadi pembe, akaukunja mdomo wake, akaubana juu ya meza kwa kiganja kizima na kukaa hivyo mpaka aliposikia umeshika. Evariste akaandika juu yake: Kabambare, kwa kamati. Kamaldine akaifunga ndani ya mfuko wa plastiki kwa sababu ya mvua za upande ule, akaiingiza kifuani chini ya koti, akafunga zipu hadi kidevuni.

Pikipiki iliwaka kwa teke la tatu. Olga alisimama mlangoni, uso ukielekea barabarani, akaisikiliza ikiteremka, ikapita soko, ikafika njiapanda ambapo ya kulia ndiyo ya Kabambare.

"Ameshika ya kulia?" akauliza.

"Ameshika ya kulia, Yaya."